Kutathmini Mikopo na Misaada ya Benki za Maendeleo katika Visiwa Vidogo vya Karibi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unakusanya maswali ambayo wanafunzi, waandishi wa habari na watumishi wa miradi huyarudia kila inapozungumzwa kazi ya benki za maendeleo katika visiwa vya Karibi. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Tunazungumzia visiwa gani hasa?

Kwanza ni nchi sita huru za Karibi ya Mashariki zinazotumia sarafu moja: Antigua na Barbuda, Dominika, Grenada, Saint Kitts na Nevis, Saint Lucia, na Saint Vincent na Grenadini. Jirani yao Barbados ina sarafu yake, lakini shida zake zinafanana na zao. Dominika isichanganywe na Jamhuri ya Dominika: ya kwanza ina watu wapatao 70,000, ya pili ina zaidi ya milioni 10. Saint Kitts na Nevis ina watu karibu 50,000, yaani nchi nzima haifikii wakazi wa kata moja kubwa ya Dar es Salaam.

Benki ya Dunia huiita nchi "ndogo" ikiwa na watu milioni 1.5 au pungufu. Jamaika imezidi idadi hiyo, ila mara nyingi hujumuishwa kwa sababu matatizo yake ni yaleyale.

2. Ni benki zipi zinazokopesha huko?

Iliyo karibu zaidi na wenyeji ni Benki ya Maendeleo ya Karibi (CDB). Mkataba wake ulitiwa saini Kingston, Jamaika, Oktoba 1969, ikaanza kazi mwaka 1970, na makao yake makuu yako Barbados. Rais wake wa kwanza alikuwa Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia, ambaye mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Tangu mwanzo benki hii ina Mfuko Maalumu wa Maendeleo, ambao hutoa mikopo ya riba ndogo na ruzuku kwa wanachama walio dhaifu zaidi.

Benki ya Dunia nayo ipo, kwa madirisha yake mawili: IDA ya mikopo nafuu na IBRD ya mikopo ya kawaida. Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika (IDB) hukopesha Barbados, Jamaika na wengine, lakini zile nchi sita za swali la 1 si wanachama wake. Fedha zake huzifikia kwa kupitia CDB. Anayetathmini asipolijua hilo huishia kuihesabu shilingi moja mara mbili: mara kwa IDB, mara kwa CDB.

3. Tathmini ina tofauti gani na ukaguzi wa hesabu?

Mkaguzi wa hesabu anauliza kama fedha zilitumika kihalali. Mtathmini anauliza kama zilistahili kutumika hivyo, na zilileta nini. Mradi unaweza kuwa na hati safi ya ukaguzi huku ukiwa haukumsaidia mtu. Upande wa pili upo pia: barabara imejengwa vizuri na wananchi wanaifurahia, lakini stakabadhi zimevurugika. Kazi hizi mbili zinahitajiana, na ripoti ya moja haiwezi kusimama mahali pa nyingine.

4. Benki inajitathmini yenyewe. Tutaiaminije?

Swali hili ni la haki. Jibu linategemea ni ripoti ipi unayoshika mkononi. Mradi ukiisha, watumishi wa benki waliousimamia huandika ripoti ya kukamilisha. Kisha kitengo huru cha tathmini huipitia, huhoji ushahidi, na aghalabu huteremsha alama. Benki ya Dunia ina IEG, IDB ina OVE, CDB ina Ofisi ya Tathmini Huru. Vitengo hivi huripoti kwa bodi ya wakurugenzi, si kwa menejimenti inayotoa mikopo. Tangu mwaka 1996 benki kubwa za maendeleo zina pia chombo cha pamoja cha kulinganisha viwango vyao vya tathmini.

Uhuru huo ni wa kweli lakini una mipaka. Bajeti ya kitengo hupitishwa na bodi hiyohiyo iliyoidhinisha mikopo, na wengi wa watathmini wametoka ndani ya benki au watarudi humo. Kwa hiyo linganisha alama ya ripoti ya kukamilisha na ile ya kitengo huru. Palipo na tofauti kubwa ndipo pa kuanzia kusoma.

## Vigezo na vipimo

5. Vigezo gani hutumika?

Msingi ni vigezo vya kamati ya misaada ya maendeleo ya OECD (jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri), vilivyowekwa mwaka 1991 vikiwa vitano: ufaafu, ufanisi wa kufikia malengo, tija ya matumizi, matokeo ya muda mrefu, na uendelevu. Mwaka 2019 kikaongezwa cha sita, ulinganifu, yaani kama mradi unaendana na kazi za wafadhili wengine na sera za serikali.

Kwa visiwa vidogo nakipa kigezo hiki cha sita uzito mkubwa kuliko kinavyopewa kwa kawaida. Wizara moja ya ujenzi inaweza kuwa na miradi ya CDB, Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya, na China au Taiwan kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiwa na kanuni zake za zabuni na fomu zake za ripoti. Kila mradi peke yake ni mzuri. Kwa pamoja inaweza kumaliza muda wote wa wahandisi wachache waliopo.

6. Kwa nini kiasi cha fedha kilichotolewa kisiwe kipimo cha mafanikio?

Kwa sababu fedha kutoka benki ni mwanzo wa kazi. Viongozi wa benki hupimwa kwa mikopo iliyoidhinishwa, na mawaziri hupenda kutangaza mamilioni, kwa hiyo takwimu hiyo ndiyo husikika kwanza. Mkulima wa ndizi wa Saint Vincent haimsaidii kujua kwamba asilimia fulani ya mkopo imetolewa. Anataka kujua kama daraja litabaki mto ukifurika.

Lakini isitupwe kabisa. Fedha zikikaa miaka mitatu bila kutolewa, hiyo ni dalili ya tatizo la utekelezaji (tazama swali la 11).

7. Mradi ukipewa alama "ya kuridhisha kiasi", maana yake nini?

Benki ya Dunia ina ngazi sita, kutoka ya kuridhisha sana hadi isiyoridhisha kabisa. "Ya kuridhisha kiasi" iko upande wa juu wa mstari, kwa hiyo katika takwimu za jumla mradi huo huhesabiwa kuwa umefaulu. Mwandishi wa habari anayesoma tu kwamba robo tatu ya miradi ilifaulu hana budi kuuliza mingapi ilipita kwa ngazi hii.

Kuna mtego mwingine. Nchi kama Grenada inaweza kumaliza miradi minne ya benki fulani katika miaka mitano. Mmoja ukianguka, kiwango cha kushindwa ni asilimia 25. Idadi ndogo kiasi hicho haifai kuwekwa kwenye chati na kulinganishwa na nchi yenye miradi mia. Soma miradi hiyo minne mmoja mmoja.

8. Tutajuaje kwamba mabadiliko yaliletwa na mradi, si na kitu kingine?

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na mfano mzuri ni wa simu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Benki ya Dunia ilizikopesha nchi tano za Karibi ya Mashariki ili zivunje ukiritimba wa kampuni moja ya simu na kuanzisha mdhibiti wa pamoja. Mdhibiti huyo, ECTEL, alianzishwa mwaka 2000. Washindani wakaingia, bei zikashuka, simu za mkononi zikaenea.

Je, ni kazi ya mkopo? Miaka ileile simu za mkononi zilienea duniani kote, hata kule kusikokuwa na mradi wowote wa namna hiyo. Mtathmini mwaminifu hasemi mkopo ndio ulioleta simu. Anatafuta kile ambacho kisingetokea bila mkopo: nchi tano zilikubali mdhibiti mmoja, na kwa hiyo kila moja haikulazimika kutafuta wanasheria na wahandisi wake wa mawasiliano, watu ambao isingewapata wala kuweza kuwalipa. Hilo linaweza kuthibitishwa kwa nyaraka na mahojiano, nalo ni dai dogo kuliko lile la kwanza. Mimi nalithamini zaidi kwa sababu linashikika.

Majaribio ya kugawa wananchi kwa bahati nasibu, baadhi wapate huduma na wengine wasubiri, hayawezekani kwa urahisi hapa. Kisiwa kina hospitali kuu moja na bandari kuu moja. Huwezi kuipa nusu ya nchi bandari.

## Yanayovifanya visiwa kuwa tofauti

9. Nchi hizi zina kipato kizuri kwa kichwa. Kwa nini zidai mikopo nafuu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa kejeli isiyostahili. Ni kweli kwamba pato la kila mtu Grenada au Saint Lucia ni kubwa mara kadhaa kuliko la Tanzania. Lakini pato hilo ni wastani wa mwaka mmoja wa kawaida. Halielezi kinachotokea usiku mmoja wa Septemba.

Agosti 2015 dhoruba Erika iliisababishia Dominika hasara inayokaribia asilimia 90 ya pato lake la mwaka. Miaka miwili baadaye, tarehe 18 Septemba 2017, Kimbunga Maria kikaipiga tena. Hasara ilikadiriwa kuwa dola bilioni 1.3, sawa na asilimia 226 ya pato la taifa la 2016. Hakuna nchi kubwa inayopoteza pato la zaidi ya miaka miwili kati ya jioni na asubuhi.

IDA ililitambua jambo hili mapema: tangu mwaka 1985 ina kanuni ya kipekee inayoruhusu visiwa vidogo kukopa kwa masharti nafuu hata vikizidi kikomo cha kipato. Lakini kipimo cha kipato bado kinatawala kwingine. Antigua na Barbuda iliondolewa kwenye orodha ya wapokea misaada rasmi ya maendeleo Januari 2022, wakati Barbuda ilikuwa bado inajengwa upya baada ya Kimbunga Irma cha 2017 kuwalazimisha wakazi wote wahame. Agosti 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliridhia kipimo kipya cha udhaifu wa nchi kwa pande nyingi. Benki hazilazimiki kukitumia, na mtathmini ana haki ya kuuliza kila benki inakitumia wapi.

10. Kimbunga kikipiga katikati ya mradi, tathmini inafanywaje?

Mara nyingi benki na serikali hubadili mradi: fedha za shule mpya zinahamishiwa kwenye kuezeka zahanati. Malengo ya awali yanakufa njiani. Benki ya Dunia ina utaratibu wa kuyapima malengo ya zamani na mapya kila moja kwa uzito wa fedha zilizotolewa katika kipindi chake. Ni utaratibu wa haki, ingawa unazaa alama ambazo msomaji wa kawaida hazielewi.

Takwimu za kuanzia nazo huharibika. Ukitaka kulinganisha kipato cha kaya za Dominika kabla na baada ya mradi ulioanza 2014, ujue kwamba katikati kuna Erika na Maria. Ongezeko linaweza kuwa ni ahueni tu, na upungufu unaweza kuficha mradi uliozuia hali mbaya zaidi.

Pamoja na hayo, kimbunga kinampa mtathmini kitu ambacho hakuna bajeti ingemnunulia: mtihani. Maria iliharibu, kwa viwango tofauti, nyumba 9 kati ya 10 za Dominika. Ziko wapi zile ambazo hazikuguswa sana? Paa zake zilifungwa kwa nini, nani alizikagua, na zilijengwa kwa kanuni ipi? Maswali hayo yaulizwe wiki chache baada ya upepo, kabla mabati mapya hayajafunika ushahidi. Ripoti nyingi huandikwa miaka mitatu baadaye, nami naona hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika kazi hii. Kila benki inayokopesha visiwa ingepaswa kuwa na timu ya tathmini inayoweza kupanda boti mwezi huohuo.

11. Kwa nini miradi huchelewa sana?

Watu ni wachache. Mhandisi aliyehitimu anaondoka kwenda Canada, Uingereza au Marekani, na anayebaki anabeba miradi minne. Wakandarasi pia ni wachache, kwa hiyo zabuni inatangazwa na mwombaji anakuwa mmoja au hakuna, na kanuni zinataka itangazwe upya. Saruji, nondo na mabomba huja kwa meli. Ardhi ni kidogo na wenyewe wengi wako ng'ambo, hivyo kupata saini zao kunachukua miezi.

Dawa iliyozoeleka ni kitengo cha kuratibu miradi chenye watumishi wa mkataba wanaolipwa na mradi. Kazi inakwenda kasi. Mradi ukiisha, mikataba inaisha na ujuzi unaondoka nao. Kwa hiyo katika kupima uendelevu, swali langu la kwanza ni hili: waliojifunza kuendesha mradi huu leo wako ofisi gani?

12. Je, miradi ya pamoja ya nchi kadhaa ni suluhisho?

Inafaa pale nchi zinapokuwa na chombo cha pamoja kilichokwisha kuzoea kazi. Karibi ya Mashariki inavyo: benki kuu moja, jumuiya ya nchi za Karibi ya Mashariki (OECS) iliyoanzishwa kwa Mkataba wa Basseterre wa 1981, na ununuzi wa dawa wa pamoja ulioanza mwaka 1986. Pasipokuwa na chombo kama hicho, "mradi wa kikanda" huwa ni miradi midogo minne iliyofungwa kwenye bahasha moja, na ucheleweshaji wa nchi moja unazisimamisha zote.

## Fedha za maafa

13. Bima ya maafa ya Karibi inapimwaje?

Mfuko wa CCRIF ulianzishwa mwaka 2007 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ukiwa wa kwanza duniani kuziwekea nchi kadhaa bima ya aina hii kwa pamoja. Haulipi kwa kuhesabu nyumba zilizobomoka. Hulipa kwa vipimo vya upepo, mvua au mtetemeko vilivyokubaliwa mapema, na fedha hufika ndani ya siku 14.

Kwa kasi, umefaulu bila shaka. Kwa ukubwa, lazima ielezwe wazi: baada ya Maria, Dominika ilipata kama dola milioni 19, sawa na asilimia 1.5 ya hasara. Fedha hizo ni za kulipa mishahara, kufungua barabara na kununua mafuta wiki za mwanzo. Anayezipima kwa hasara yote anapima kitu ambacho bima haikuahidi.

Kesi ya Erika inafundisha zaidi. Madhara yake yalitokana na mvua na maporomoko, na kasi ya upepo haikufika kiwango cha bima ya vimbunga. Dominika ikalipwa dola milioni 2.4 tu, tena kwa sababu ilikuwa imekata bima mpya ya mvua kubwa. Tathmini nzuri itauliza kama serikali iliielewa vizuri bima iliyokuwa ikiilipia, na kama wananchi waliambiwa mapema kwamba kuna maafa ambayo hayatalipwa.

14. Kifungu cha kimbunga kwenye mikopo ni nini?

Ni sharti linaloruhusu nchi kusitisha marejesho kwa muda maafa yakifika kiwango kilichotajwa. Grenada ilikiingiza kwenye dhamana zake, yaani hati ambazo serikali hukopea kwa wawekezaji, ilipopanga upya madeni mwaka 2015. Tarehe 1 Julai 2024 Kimbunga Beryl kilikibomoa kisiwa chake cha Carriacou, nayo ikakitumia kifungu hicho. Ilipata pia zaidi ya dola milioni 40 kutoka CCRIF. Benki ya Dunia ilitangaza vifungu vya namna hiyo katika mikopo yake mwaka 2023.

Kusitisha si kusamehe. Deni linabaki, na katika dhamana za Grenada riba iliyoahirishwa huongezwa kwenye deni. Faida ni fedha taslimu wakati serikali inapozihitaji kuliko wakati mwingine wowote, na hivyo ndivyo inavyopaswa kupimwa.

## Maswali magumu

15. Mradi mzuri katika nchi iliyozama kwenye deni: ufaulu au usifaulu?

Mradi mmoja mmoja unaweza kufaulu huku jumla ya mikopo ikiiumiza nchi. Barbados ilipoanza kupanga upya madeni mwaka 2018, deni lake lilikuwa limezidi asilimia 150 ya pato la taifa, na sehemu yake lilijenga vitu vinavyotumika hadi leo. Ndiyo sababu tathmini ya nchi nzima ni ya lazima pembeni ya tathmini ya miradi, nayo iulize kama benki ilitoa mkopo pale ambapo ruzuku ndiyo ingefaa. Kujenga upya shule ileile iliyokuwepo hakuiongezei nchi pato la kulipia mkopo wa pili. Nasimama upande wa wanaosema ujenzi wa baada ya maafa ufanywe kwa ruzuku.

16. Vipi kuhusu Montserrat na maeneo mengine yaliyo chini ya Uingereza?

Si wanachama wa Benki ya Dunia, lakini Montserrat na Anguilla ni miongoni mwa wakopaji wa CDB. Montserrat ilipoteza mji wake mkuu, Plymouth, kwa volkano ya Soufrière Hills iliyoanza mwaka 1995, na fedha zake nyingi zinatoka London. Hapo sehemu ya CDB ni ndogo mno kuweza kutenganishwa kwa takwimu. Pima ubora wa kazi yenyewe, uachane na athari kwa uchumi wa nchi.

17. Nina siku moja tu ya kusoma. Nianze na nini?

Chukua hati ya kuidhinisha mradi, usome malengo na jedwali la viashiria. Kisha ruka moja kwa moja hadi uhakiki wa kitengo huru (swali la 4). Ripoti ya kukamilisha isome mwisho. Halafu tafuta gazeti la kisiwani la juma la kimbunga cha karibuni zaidi, uone barabara na shule zipi zimetajwa.

18. Haya yanawahusu vipi wasomaji wa Komoro, Ushelisheli na Mauritius?

Moja kwa moja. Mwaka 2016 IEG ilitoa tathmini ya kazi ya Benki ya Dunia katika nchi ndogo, ikiweka visiwa vya Karibi ya Mashariki pamoja na vya Pasifiki, Cabo Verde, Jibuti, Mauritius na Ushelisheli. Afrika nayo ina mfuko wake wa bima ya maafa, ARC, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ina ofisi yake ya tathmini huru. Swali la 13 linaweza kuulizwa Moroni bila kubadili neno, hasa baada ya Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019.

Tahadhari moja itoke Grenada, kisiwa cha kungumanga. Kiko kusini, na baada ya Kimbunga Janet cha 1955 watu wengi walikihesabu kuwa nje ya njia ya vimbunga vikubwa. Tarehe 7 Septemba 2004 Kimbunga Ivan kikaleta hasara ya zaidi ya pato la miaka miwili na kung'oa sehemu kubwa ya mikungumanga, miti inayochukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri. Miradi mingi ya kabla ya siku hiyo ilikuwa imetathminiwa kana kwamba upepo wa namna hiyo hauji. Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, pia huhesabiwa kuwa nje ya njia, kwa hiyo ukisoma tathmini ya mradi wa huko, angalia kama kuna ukurasa unaokokotoa hali ambayo dhana hiyo imekosea.